Nitasaini Ukinitazama

Mwanangu Tusekile,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Nakusikia chumba cha pili unavuta solatepu ya maboksi, na kila ukivuta moyo wangu unaruka. U mzima, una haraka, na hujala. Mimi nipo mezani jikoni, nimezima simu ili wateja wasinipate. Dirishani bado kuna mwanga, maana jua la Juni la huku halina adabu ya kwenda kulala mapema. Baba yako yuko chini kwenye maegesho. Amefungua boneti ya gari lako kwa mara ya tatu leo.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua utasoma polepole, midomo ikicheza, kama ulivyokuwa ukisoma Zaburi kanisani wenzako wakikucheka. Soma hivyo hivyo. Nataka uchukue muda.

Juzi tulikuwa tunaosha vyombo, ukaniuliza, "Mama, lakini uko okay na mimi kwenda?" Uliuliza bila kugeuka, ukisugua sufuria ambayo ilishatakata zamani. Na mimi nikakujibu nini? Nikasema, "Hakikisha baba yako ameangalia matairi." Ukasema, "Okay, Mama," ukatundika taulo, ukaenda zako. Nikabaki na mikono yenye povu nikijiona mjinga. Lilikuwa swali la ndiyo au hapana. Mimi ambaye kazi yangu miaka yote hii ni kuwauliza watu ndiyo au hapana, nikalikwepa kama mtoto aliyevunja kikombe.

Barua hii ni jibu. Itazunguka kidogo, unanijua, lakini itafika.

Mambo ya safari sitayaandika. Hayo ni ya baba yako, ambaye ameshakuwekea nyaya za kuamshia betri, koleo la theluji na mablanketi mawili, kwa binti anayekwenda Texas mwezi wa sita. Usimcheke. Hajui namna nyingine ya kulia. Na mambo ya kazi yenyewe, jinsi ya kuomba kibali kipya Dallas, bima, muhuri, daftari, hayo unayajua kunizidi. Wewe ndiye uliyenionyesha jinsi ya kupokea wateja kwa simu, wakati mimi bado naandika anwani nyuma ya bahasha za bili ya umeme.

Kazi hii unajua ilivyoanza, lakini unajua ile hadithi ninayowasimulia wageni. Yenyewe ilikuwa hivi. Nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa, nabadilisha mashuka, nawageuza ubavu. Bwana mmoja pale alitakiwa kusaini karatasi mbele ya notari, yaani mtu mwenye kibali cha kushuhudia saini na kuigongea muhuri. Hakuweza kunyanyuka kitandani, na notari hakupatikana wa kuja. Njeri, Mkenya tuliyekuwa zamu moja, akanigeukia, "Si ufanye hiyo job wewe? Kila siku watu wanatafuta notari na hakuna mwenye anakuja kwa nyumba. Gari uko nayo, na hawa wazee unajua kuongea nao." Nilicheka. Gari lenyewe lilikuwa linapasha joto miguu ya abiria tu, dereva akajijue. Lakini usiku ule neno la Njeri liliniganda. Nikaomba kibali cha jimbo, kikatoka, nikachongesha muhuri, na Jumamosi ya kwanza nikakuweka kiti cha nyuma na madaftari yako ya shule, tukaenda.

Sehemu ninayowaficha wageni ni hii. Kwetu Tanzania anayekugongea muhuri wa kiapo ni wakili. Basi Watanzania wa hapa Brooklyn Park wakaanza kuniita wakili. "Shikamoo wakili." "Karibu wakili, pita." Ilinipasa kuwasahihisha mlangoni. Sikuwasahihisha. Nilikuja nchi hii kusoma sheria, nikaishia mashuka, na jina lile lilinishuka kama chai ya tangawizi. Wakianza kuniuliza wafanyeje na karatasi zao, nikawa nawajibu, tena kwa sauti nene, nimekunja nne. Dada mmoja akafuata maneno yangu badala ya kumtafuta wakili wa kweli, na ikamchukua muda mrefu na machozi kurekebisha nilichokiharibu. Hata huko Dallas watakuita wakili. Utajisikia vizuri, nakwambia mapema. Wasahihishe siku ileile.

Lakini kulikuwa na raha, Tuse. Unakumbuka ulivyokuwa unazipa nyumba majina kwa harufu? Kulikuwa na nyumba ya pilau, nyumba ya mbwa, nyumba ya dawa. Zile za Woodbury uliziita nyumba za rangi, kwa sababu zote zilikuwa mpya na zilinuka rangi. Tulikuwa tunavua viatu mlangoni, mume na mke wanasaini karatasi za mkopo mpaka vidole vinauma, na wewe umeficha soksi yenye tundu chini ya kiti. Siku moja yule bibi Mkenya, ambaye ukoo mzima ulimwita Cucu, yaani bibi kwa lugha yao, nilimwomba jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti. Akamgeukia mwanawe, "Kwani mimi huitwa nani?" Wote wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka hadi akajifuta machozi kwa kitambaa. Tulipoonyeshwa pasipoti akalirudia lile jina mara mbili taratibu, akasema hajaitwa hivyo tangu mama yake afariki. Tukiwa garini ukaniuliza kama mimi nami nina jina la siri. Nikakwambia ninalo.

Nafika sasa kwa Baba Eliya.

Eliya unamkumbuka, yule wa kwenye darasa lako la Jumapili mwenye meno mapana. Ulijua alikwenda Tanzania kuishi kwa bibi yake. Hukujua kwamba mkono wangu ulikuwemo. Mama yake alikuwa anasomea uuguzi, baba yake anafanya shifti mbili, mtoto anashinda na majirani. Ukoo ukaona aende kwa bibi kwa muda. Aliyepanga yote alikuwa kaka mkubwa wa Baba Eliya, mtu mwema, nakwambia kweli, mtu wa kusaidia kila msiba hapa mjini. Ikatakiwa barua ya ruhusa, kwamba wazazi wote wawili wanakubali mtoto asafiri na baba yake mkubwa. Nikaitwa. Nilipofika, chai ilikuwa mezani na maandazi ya moto. Tukanywa kwanza, kama watu.

Mama Eliya akasaini mbele yangu. Nikauliza, "Na baba?" Kaka mkubwa akanisogezea karatasi, saini ya pili ilishakuwepo. Akasema, "Dada, mdogo wangu yuko kazini. Amesaini jana hapahapa mezani, tukiwepo sote. Mimi kaka yake nimesimama."

Wewe umekulia huku, labda sentensi hiyo haina uzito kwako. Kwetu kaka mkubwa akishasema amesimama, jambo limekwisha. Hata mke tunamposa kwa mdomo wa mshenga, bwana harusi mwenyewe hatii neno. Kumwambia, "Hapana, nataka kumsikia mdogo wako kwa kinywa chake," ni kumwita mwongo ndani ya nyumba yake, na andazi lake bado liko kooni mwako. Sheria niliijua. Mwenye saini awepo mwenyewe, uso kwa uso. Niliijua vizuri kabisa, na nikagonga muhuri.

Baba Eliya alikuja kwetu baadaye, mtoto alishaondoka. Theluji ilikuwa imeanza. Alisimama mlangoni na viatu vyake vya kazi, nikamkaribisha akakataa kukaa. Nilitegemea anifokee. Akasema taratibu, "Dada, sikulaumu. Nilisaini kwa sababu kaka alikuwa ananitazama. Nilijua kuna wewe. Nikasema moyoni, dada atanitafuta, ataniuliza, na mimi nitamwambia hapana. Ungeniuliza tu." Akaniaga kwa heshima, akashuka ngazi.

Majira yote yale ya baridi muhuri ulikaa kabatini. Niliiandikia ofisi ya jimbo nikaeleza nilichofanya, nikaonywa, na nilistahili. Wewe uliniuliza kwa nini Jumamosi hatutoki, nikakwambia gari bovu. Ukafurahi, ukaangalia katuni.

Hakuna aliyekufa, wala mtoto hakuteswa. Alisoma, akapendwa na bibi yake, mama yake leo ni muuguzi na kila Krismasi ananiletea zawadi. Eliya aliporudi alikuwa kijana mrefu, ana Kiswahili kizuri kukuzidi. Nilikuwepo kwenye mapokezi. Akamwinamia baba yake, akamwamkia "shikamoo" kwa mikono miwili, kama unavyomwamkia mgeni wa heshima. Baba yake akaitika marahaba. Halafu akatoka nje kuchukua mabegi, na mabegi yalikuwa yameshaingizwa ndani.

Tangu hapo chai nakunywa baada ya kusaini. Umeshawahi kunikasirikia kwa hilo, unasema nawaaibisha watu, wamepika na mimi nasema baadaye. Sababu ndiyo hiyo. Nikishakula chakula cha mtu, mdomo wangu unakuwa mzito kumkatalia. Nawe ni wa damu yangu, maandazi yanakulegeza hivyo hivyo.

Tangu hapo pia nauliza kila mtu, hata kama chumba kizima kimekunja uso. "Unasaini kwa hiari yako?" Umenisikia nikiuliza mpaka ukawa unaniigiza bafuni.

Na siku ambayo mimi naiona ndiyo siku uliyojifunza kazi hii, ingawa wewe utasema ni nyingine, ni ile ya Anoka. Ulikuwa umepata leseni juzijuzi, unaniendesha huku umeng'ang'ania usukani kama unaibiwa. Kile kinyumba cha mbao karibu na mto, na yule mzee wa Kizungu aliyekuwa anamwandikia binti yake nyumba. Binti amekaa kando yake, amemshika mkono, kila kitu kiko sawa, kitambulisho kiko sawa. Nikamuuliza kwa hiari yako? Mzee akanyamaza. Akaangalia dirishani kule mtoni. Akaangalia kabati la vyombo. Muda ukapita mpaka binti yake akaanza kujikuna shingo. Wewe ukafungua mdomo umrudie swali, ukidhani hakusikia, nami nikakukanyaga mguu chini ya meza.

Mwishowe akasema, "Ndiyo. Kwa hiari yangu. Lakini sipendi."

Binti yake akaanza kulia. Wewe ukanitazama, macho yote, ukingoja niseme hapo sasa tunafanyaje. Nikamuuliza mzee tena, peke yake, binti yake akiwa jikoni. Akaniambia anataka nyumba iwe ya binti yake, ameamua, hakulazimishwa na mtu. "Kwani lazima nipende?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, bwana, si lazima. Akasaini. Jina likasomeka lote. Tulipofika nyumbani ukaegesha gari, ukasema, "Mama, that was the most honest person ever." Nikakubali kwa kichwa tu, maana nilikuwa namfikiria mtu mwingine.

Kabla sijakwambia ni nani, kuna lile boksi. Nalo tuliseme.

Nilichapisha kadi za biashara. Jina langu na lako, moja juu ya lingine, na kagari kadogo pembeni. Nilizificha chini ya kitanda nikisubiri siku yako ya kuzaliwa, na kila nikipiga deki nilikuwa nazitoa nazitazama. Miaka yote niliyokuwa naendesha nikikuona kwenye kioo cha nyuma, nilikuwa na picha yangu kichwani, kwamba utamaliza chuo, utapata kibali chako, na ukakipata kweli, na tutakuwa wawili mpaka nizeeke, wewe unaendesha mimi nasinzia. Uliponiambia umepata kibali nilicheza hapa jikoni, unakumbuka. Niliona ndoto imeshatimia.

Nilipokupa lile boksi ulilifungua, ukasema, "Wow, Mama. Nice." Ukalifunika taratibu, kama mtu anayefunika chakula asichokitaka nyumbani kwa watu. Nilikuona. Nikajitia sikuona. Ukakaa nalo kimya, hata theluji ikaisha, ndipo ukaniambia habari ya Dallas. Ukasema, "Hapa ni kazi yako, Mama. Kila mtu ananijua kama mtoto wa Mama Tuse. Nataka nione kama naweza yangu." Nikakasirika. Nilisema maneno juu ya watoto wa Marekani, na ningekuwa na uwezo ningeyarudisha mdomoni nikayameza. Siku mbili sikukusemesha vizuri.

Watu wangapi nimewauliza kama wanasaini kwa hiari yao? Nimewauliza Wazungu wa Anoka, Wakenya, Wakongo, watu ambao sitawaona tena. Wewe nimekuweka jina kwenye kadi bila kukuuliza. Nilisimama kwa niaba yako, kama yule kaka mkubwa. Nisamehe, mama yangu. Kadi nimezitupa, isipokuwa moja. Hiyo moja usiniulize.

Sasa huyo mtu niliyekuwa namfikiria siku ya Anoka. Ni bibi yako.

Nilipoondoka Tukuyu mvua ilikuwa inanyesha, lakini Tukuyu siku gani haikunyesha. Mama aliamka kabla ya wote. Alipika, akafunga ndizi na maharage kwenye majani, akanifungia begi kwa kamba kwa sababu zipu ilikuwa imekufa, akalifungua, akalifunga tena. Alifoka. Alimfokea kila mtu asubuhi ile, hata mbuzi. Nikamfuata jikoni, moshi umejaa, nikasema, "Mama, basi naenda." Nilitaka aseme, "Nenda, mwanangu." Hilo tu. Alikuwa amenipa mgongo, anakoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Akasema, "Usisahau sweta."

Stendi alinitengeneza kola. Basi lilipoanza kuondoka alikuwa anaongea na mwanamke wa jirani yetu, hakuinua mkono.

Nimelisubiri neno lile kwenye simu miaka mingi. Nilikuwa nanunua kadi ya kupigia, nasimama nje ya jengo letu la kwanza kwa sababu ndani hapakushika, naganda, na mama ananiuliza, "Mvua inanyesha huko?" Namwambia, "Ni theluji, mama." Anasema, "Sweta unayo?" Nasema ninayo. Kila tukiagana nilikuwa nakawia kukata, labda leo atasema. Alipofariki, karatasi zangu za kukaa hapa zilikuwa hazijakamilika; ningetoka nisingerudi, na wewe ulikuwa unanyonya. Sikumzika mama yangu. Nilikaa kwenye beseni la bafu na nguo zangu zote, baba yako akakubeba nje ya mlango akikuimbia.

Namtamani mama yangu mpaka leo. Namtamani nikisikia mvua ikipiga kwenye majani mapana, jambo ambalo huku halipo kabisa, kwa hiyo unaweza kusema natamani mpaka ile sauti. Natamani moshi wa jiko lake kwenye nywele zangu. Lakini ninachokitamani kuliko vyote ni kile kineno kimoja. Nimetembea nacho kama deni ambalo mwenye kudaiwa amekufa. Nimefanikiwa hapa, nimenunua magari, nimemlea binti, na bado kuna siku nikiwa barabarani peke yangu najiona nimetoroka nyumbani.

Siku hizi nadhani sweta ndiyo ilikuwa "nenda" yake. Nadhani alikuwa anasema alichoweza kusema. Lakini nadhani tu, Tuse. Hakuna wa kumuuliza tena. Na juzi nilipokujibu matairi, nikaisikia sauti yake ikitoka kinywani mwangu, sauti yake kabisa, hata ile ya kufoka. Sitaki ukae Dallas mpaka ufike umri wangu huu, ukiwa bado unadhani tu.

Kwa hiyo nasema wazi. Nitakukumbuka mpaka nitaumwa. Kiti cha abiria garini kitakuwa na mkoba wangu tu. Hakuna atakayeniambia, "Mama, umepita exit tena," na nitapita, na nitafika Wisconsin. Nitaendelea kupika wali wa watu watatu. Baba yako atakuwa anasikiliza kila gari linaloingia kwenye maegesho, nami nitamwambia aache, kumbe na mimi nasikiliza. Kama ungebadili mawazo asubuhi ningefurahi, ningefungua maboksi yote mwenyewe kabla hujamaliza sentensi. Hayo ndiyo yaliyomo moyoni, na sikuona sababu ya kuyapamba.

Lakini hayo hayakuwa swali lako.

Kesho asubuhi, kabla ya chai, nitakupa barua hii. Isome hapa mezani, mimi nitajifanya nina kazi jikoni. Nimewaandikia watu wengi sana nafasi ya kuweka saini kwenye barua za ruhusa za watoto wao. Nimeshika kurasa zao upepo usizipeperushe wakisaini juu ya boneti, nimewapa tishu. Mimi mwenyewe sijawahi kusaini hata moja. Wewe umeshakuwa mtu mzima, hakuna uwanja wa ndege wala mpaka utakaokudai barua ya mama. Ninayeihitaji ni mimi.

Basi utaona hapo mwisho sijasaini. Ukimaliza kusoma, chukua ile kalamu yako ya bluu uniletee. Iwe hapahapa Brooklyn Park, maana ukishaingia Iowa kibali chako cha Minnesota hakina kazi. Muhuri uache kwenye begi. Karatasi inakuhusu mwenyewe, sheria haikuruhusu, na mimi nimeshaonywa mara moja maishani, yatosha.

Simama mbele yangu. Niulize jina langu kamili, lile ambalo hujawahi kuniita. Kisha niulize kama nasaini kwa hiari yangu. Uliza kwa sauti ya kazi, si ile ya bafuni.

Nitanyamaza. Inawezekana nikaangalia dirishani, au nikaangalia kabati la vyombo. Usinirudie swali. Nimesikia. Usinisaidie, na usiseme "it's okay, Mama." Nisubiri tu, kama tulivyomsubiri yule mzee, na nikikawia sana jikanyage mguu mwenyewe. Jibu langu ni lilelile alilolitoa yeye, lote, mpaka neno la mwisho. Nikishalisema na kusaini, tutakunywa chai, na baba yako atakuwa ameshafunga boneti.

Mimi, Atuganile, mama yake Tusekile, nikiwa na akili zangu timamu, namruhusu mwanangu aende Dallas. Aanze kazi yake kwa jina lake. Arudi akitaka, akae akitaka. Nenda, mwanangu.

Saini: ......................................